Mwaka wa Hindi na Harage

Msibani kwa Mama Nyanjura walitupakulia makande. Hakuna aliyekusudia lolote. Watu walikuwa wengi, mahindi na maharage ndivyo vilivyokuwemo ghalani, na akina mama wa jumuiya walikuwa wamebandika masufuria tangu alfajiri. Lakini Deo, aliyekaa karibu nami kwenye kiti cha plastiki, alishika kijiko asikitumie. "Masanja," akaniambia kwa sauti ya chini, "umeona walichotupa?" Nikamwambia nimeona. Tulikuwa hatujakutana kwa miaka mingi. Yeye sasa ana duka la matairi Usagara, na asubuhi ile ndiye aliyenipitia kwa gari lake, tukavuka ghuba kwa daraja, mahali ambapo zamani tulikuwa tunasubiri kivuko hadi jua linageuka. Njia nzima tuliongea habari za matairi na magoti yanayouma. Sasa tulikuwa watu wazima wawili wenye mvi, sahani mapajani, tumeshindwa kula chakula cha kawaida kabisa.

Katekista alisoma wasifu wa marehemu. Alisema Konsolata Nyanjura alifanya kazi Mwanza "katika mambo ya ndege," kisha akaendelea na kwaya, na shamba, na wajukuu wa dada yake aliowalea. Pale Sengerema walimfahamu kama bibi asiyeona, aliyekuwa akikaa mlangoni akipukuchua mahindi na kuchambua maharage kwa vidole. Kijana mmoja wa ukoo alitusimulia kwa fahari kwamba bibi alikuwa akigusa harage lililotobolewa na mdudu analijua hapohapo. "Alikuwa na macho kwenye vidole," alisema. Deo akanitazama. Nilitaka kumwambia yule kijana kwamba bibi yake alikuwa na macho machoni, na kwamba kwa muda mrefu hapakuwa na macho kama yale katika kanda yote ya ziwa. Sikusema. Msiba si mahali pa kusahihisha watu. Ndiyo maana naandika.

Naandika habari za mwaka mmoja tu, ule nilioutumia karibu wote nikiwa nimepiga magoti chini ya ndege. Hanga letu, banda la kutengenezea ndege, lilikuwa upande wa kiwanja unaopakana na ziwa, na upepo ukigeuka tulikuwa tunanusa dagaa walioanikwa ufukweni. Kampuni ilikuwa na ndege tatu ndogo. Zilibeba madaktari, watu wa migodini, wanunuzi wa samaki na watalii waliochelewa, zikitua kwenye viwanja vifupi vya changarawe, visiwani na porini. "Hizi hazitui," Deo, msaidizi wetu wa hangani, alikuwa akisema, "zinajitupa." Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na kingine cha ufundi wa magari. Mambo ya ndege niliyasoma mwenyewe, kitabu cha mtengenezaji mkono mmoja, kamusi mkono mwingine, neno kwa neno, na pale nilipokwama nilimuuliza Mama Nyanjura. Yeye alikuwa mkaguzi wetu mkuu, mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya chini, aliyekuwa akijifunga khanga juu ya ovaroli anapokwenda kula, kisha akaifungua na kuikunja anaporudi kazini. Hakuwahi kunipa jibu kabla sijamwonyesha ukurasa niliokwama.

Mwanzoni mwa mwaka ule mtengenezaji wa ndege zetu alitangaza kwamba katika nchi nyingine kipande cha chuma kinachoshika mguu wa ndege tumboni kimeonekana kikipasuka. Mamlaka ya usafiri wa anga ikaufanya ukaguzi wake kuwa wa lazima: kila ndege ya aina ile ikaguliwe, na irudiwe kukaguliwa kila ikifikisha idadi fulani ya kutua. Kwa sababu ndege zetu zilikuwa zinatua mara nyingi kwa siku, kazi haikuisha. Zilipokezana kwenye kona ya hanga tuliyoizungushia turubai ili upepo na vumbi visiingie. Mle ndani palikuwa na jeki, taa kubwa, benchi na harufu kali ya dawa ya kusafishia. Tuliinua ndege, tukasafisha kile chuma hadi king'ae, tukakipulizia rangi nyekundu, nyepesi kuliko maji, tukaiacha ipenye. Kisha tuliifuta yote na kupulizia unga mweupe, ambao hukauka kama chokaa ukutani. Kama chuma ni kizima, hubaki cheupe. Kama kina ufa, hata ule ambao kucha haiusikii, rangi iliyojificha ndani hurudi juu polepole na kuchora mstari mwekundu kwenye weupe. Basi ni kutazama tu. "Usitafute ufa," Mama Nyanjura alinifundisha. "Ukitafuta ufa utauona hata pasipo. Wala usitafute uzima. Tazama."

Kanuni ilitaka watazame watu wawili, na wote wawili watie sahihi. Hilo ni la kila mahali. Kilichokuwa cha kwetu tu ni jinsi Mama Nyanjura alivyotutaka tutoe majibu. Alikuwa amejifunza kazi hii chini ya fundi mzee, mtu aliyemheshimu sana. Siku moja yule mzee alitazama mguu wa ndege akasema, "Safi, au siyo binti yangu?" Yeye alikuwa ameona kitu kama uzi, akajibu, "Safi, mzee." Mguu ule ulivunjika ndege ikivutwa kwenda kuegeshwa, haina mtu ndani. Hakuna aliyeumia. "Lakini mimi niliona," alituambia. "Macho yangu yaliona, mdomo wangu ukasema shikamoo." Alisema mtu aliyekuamkia asubuhi hawezi kukuambia mchana kwamba umekosea, na kwamba hiyo si dhambi, ni malezi, ila ndege haijui malezi ya mtu. Kwa hiyo akatafuta njia ya kuuondoa mdomo kazini.

Njia yenyewe ilitoka jikoni kwa Mama Kulwa, aliyekuwa akitupikia kwenye kibanda cha bati kando ya lango. Makande yalikuwa ndicho chakula cha siku nyingi, na mifuko ya mahindi na maharage haikukosekana. Kila mmoja wetu alikuwa na punje hizo mfukoni mwa ovaroli. Wa kwanza alitazama peke yake, akatoka nje bila neno, akasimama karibu na pipa la maji. Wa pili akaingia, akatazama, akatoka. Kisha wote wawili walinyoosha ngumi, Deo akasema "haya," wakafungua kwa pamoja. Hindi maana yake safi. Harage maana yake nina shaka. Mahindi mawili, ndege inaruka. Harage moja, hata likitoka kwa mdogo kuliko wote, linatosha: mguu unafunguliwa na kupelekwa karakana kubwa ya mbali kupimwa kwa mashine. Mama Kulwa alikuwa akilalamika tunamtia mkosi. "Mama Nyanjura, bhebhe wewe, chakula cha watu mnakipigia ramli?" Naye akamjibu, "Ramli inabahatisha. Hii inazuia kubahatisha." Marubani walicheka mwanzoni. Baadaye wakawa hawapandi hadi waulize, "Imetoka hindi?"

Kwa miezi ya mwanzo yalitoka mahindi tu, na mara moja maharage mawili, ambayo yalitufanya tutazamane kama watu waliosalimiana kwa lugha ya nyumbani ugenini. Mimi nilikuwa kijana, na sikuwa nimewahi kuaminiwa hivyo. Nakumbuka uzito wa ile punje ndani ya ngumi, kitu kisicho na uzito.

Kisha ikaja siku ya ndege yenye mstari wa bluu. Mama Nyanjura alitangulia. Nilipoingia mimi niliuona mara moja, juu kidogo ya bolti ya mguu wa kushoto: mstari mwembamba, umepinda mwishoni, mwekundu kama mshono wa shati la shule lililoshonwa kwa uzi usiofanana. Nilifumba macho, nikayafumbua, ulikuwepo. Nilitoka nikiwa nimeshika harage, na nilikuwa na hakika kwamba tutafungua maharage mawili. Deo akasema, "Haya." Kiganjani mwa Mama Nyanjura palikuwa na hindi. Mama Kulwa alikuwa akiosha sufuria karibu nasi, akaacha kulisugua. Mama Nyanjura alitazama kiganja changu, kisha chake, akasema, "Nionyeshe."

Tuliingia wote wawili. Nikaweka kidole karibu na mstari, bila kuugusa unga. Aliinama. Alitazama pale hasa kidole kilipokuwa, na nikaona kwamba haoni. Akageuza kichwa kidogo, kama kuku anayechungulia punje kwa jicho moja, akakirudisha, akakigeuza tena. Ndipo akasema, "Ndiyo. Upo." Alisimama akajipangusa magoti. "Vizuri sana, Masanja. Ndiyo kazi ya punje." Mguu ulipelekwa, mashine ikathibitisha ufa, na meneja alipompongeza Mama Nyanjura mbele ya marubani, yeye alimkatiza: "Ameuona Masanja. Mimi sikuuona." Aliyasema hayo kwa wepesi kabisa, nami nikaona hilo ni fundisho lake jingine, kwamba hata mkubwa hukosa na haanguki. Niliona fahari. Ilinichukua muda kuelewa kwamba jambo lile halikuwa kosa, bali dalili.

Dalili nyingine zilikuwa ndogo, za kila siku, na kila moja ilikuwa na maelezo yake. Alianza kujigonga kwenye ncha ya bawa, mahali alipopita miaka yote. "Umeanza kusalimiana na mabawa?" Mama Kulwa alimtania. "Na lenyewe linaitikia?" Chai aliimimina hadi ikafika mdomoni mwa kikombe kisha ikavuka. Asubuhi moja nilimwamkia nikiwa upande wake wa kushoto, "Shikamoo Mama," asiitikie. Nikadhani nimemkosea, nikatembea siku nzima nikijiuliza. Siku ya pili nilimwamkia kwa mbele, akasema, "Marahaba, mwanangu, umelalaje?" kwa furaha ileile ya siku zote. Baada ya hapo nilimwamkia kwa mbele. Nilikuwa nimeanza kumzunguka bila kujua kwamba namzunguka, kama maji yanavyozunguka jiwe.

Alikuwa akikaa Pasiansi, vyumba viwili vilivyopakwa rangi ya bluu, na baadhi ya Jumapili alinialika chakula baada ya misa ili tupitie kurasa zilizonishinda. Nakumbuka kitambaa cha mezani kilichodariziwa maua, redio iliyofunikwa kitambaa kidogo cha namna hiyohiyo, na dirisha lililoelekea miamba mikubwa ambayo watoto walianikia nguo. Jumapili moja dada yake Paskazia alikuwa amekuja kutoka Sengerema. Mama Nyanjura alitoka kwenda dukani kununua chumvi, mimi nikabaki mezani na kitabu, na jikoni Paskazia akawa anaongea na jirani. Sauti zao zilipita juu ya ukuta usiofika darini. "Presha ya macho," Paskazia alisema. "Daktari amemwambia kilichokwisha kwenda hakirudi. Dawa ni za kushikilia kilichobaki." Jirani akauliza kama kazini wanajua. "Kazini? Hata mimi asingeniambia, nimeikuta chupa ya dawa." Kisha mafuta yakalia kikaangoni, sikusikia zaidi. Nilikuwa nimeutazama mstari mmoja wa kitabu muda wote ule.

Tulikula sato wa mchuzi na ugali wa muhogo. Paskazia alipotoka kumsindikiza jirani, Mama Nyanjura alisema bila kuinua uso, "Dada yangu hajui kunong'ona. Umesikia."

"Nimesikia, Mama."

"Nilipimwa macho ya kazi juzijuzi. Nimesoma herufi zote hadi mstari wa chini. Sikumdanganya mtu."

"Najua."

"Herufi naziona. Watu wanafikiri upofu ni giza. Lingekuwa giza ningejua pa kusimama." Alikuwa akichambua miiba ya samaki kwa vidole, taratibu, akiipanga ukingoni mwa sahani. "Jicho langu linashona, Masanja. Palipotoboka linaweka kiraka, na kiraka linakikata kwenye kitambaa cha jirani. Jirani akiwa mweupe, linashona weupe. Siku ile sikuona ufa, lakini si kwamba sikuona kitu. Niliona chuma kizuri, kizima. Naweza kukuchorea."

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, na mbele yangu alikaa mtu aliyenifundisha karibu kila kitu nilichokijua. Nilimuuliza kama atamwambia meneja. Akajibu kwamba hajapitisha ndege mbovu hata moja. "Punje zipo. Wewe ukiona, ndege hairuki. Nani ameumia?"

"Mama, kanuni inataka macho manne."

Aliweka mwiba mwingine ukingoni mwa sahani.

"Sasa yamebaki mawili," nikasema. "Na mawili yenyewe ni yangu."

Nilisikia redio ya nyumba ya pili, na watoto kwenye miamba wakigombania nafasi. Hatimaye akasukuma sahani ya samaki upande wangu. "Kula," akasema. "Anapoa." Nilikula. Nilipoaga nilimwambia kwamba ukaguzi ujao akifungua hindi, nitakwenda ofisini mwenyewe, ingawa nitakuwa nalia. Akasema, "Ndivyo nilivyokufundisha," akanisindikiza hadi njia panda, akitembea katikati kabisa ya njia.

Ukaguzi uliofuata alifungua harage. Mimi nilikuwa na hindi. Nikamwomba anionyeshe, akaonyesha kwa kidole, "Hapa, na pale pia," na niliangalia hadi macho yakaniwasha, weupe mtupu. Lakini harage moja linatosha. Mguu ukafunguliwa, ukapelekwa, ukarudi mzima. Ndege iliyofuata, harage. Iliyofuata, harage. Nilielewa alichokuwa akifanya: asiyeweza kusema safi kwa haki anaweza daima kusema nina shaka, na hakuna atakayekufa kwa shaka. Alikuwa amepata mahali pa kujificha ndani ya kanuni yake mwenyewe. Kwenda ofisini kusema nini, wakati hajapitisha chochote? Deo, ambaye hakujua, alisema Mama Nyanjura amefungua duka la maharage. Rubani mmoja akaacha kuuliza. Meneja alikuja hadi kwenye turubai, akasimama nje yake kwa adabu, akasema, "Mama, ndege zinakuwa mapambo. Daktari wa kisiwani amekwenda kwa boti mara ya pili wiki hii." Naye akajibu kwamba boti nayo inafika.

Jambo ambalo sikulitarajia ni lile lililonipata mimi. Nilianza kutoyaamini macho yangu. Nikitazama chuma cheupe najua ni cheupe, natoka, nafungua hindi, na mkono wa pembeni una harage. Na ingawa nilijua sababu, kulikuwa na sauti iliyoniuliza: je, kama leo ameona kweli? Yeye ndiye aliyekuwa na macho. Nilirudi ndani mara ya pili, mara ya tatu. Nikaanza kuona vivuli vyekundu kwenye ukuta wa chumba changu nikiwa nimelala. Shaka yake ilikuwa imeniingia kama ile rangi, mahali ambapo kitambaa hakifiki kufuta. Nilimpenda, na nikaanza kumkasirikia, na sikuwahi kumweleza lolote kati ya hayo mawili.

Siku ya mwisho ilikuwa katika msimu ambao wadudu wa ziwani hupanda angani kama moshi. Waliingia hangani, wakapita chini ya turubai, wakaganda kwenye unga mweupe. Tulisafisha, tukaanza upya, tukafunga kila tundu kwa magunia. Ilikuwa ndege yenye mstari wa bluu, na abiria wake walikuwa wameshafika, wamekaa kwenye benchi la Mama Kulwa na mizigo yao. Mama Nyanjura alitangulia kuingia. Alikaa muda mrefu. Alipotoka alinipita bila kunitazama, akaenda kusimama kwenye pipa.

Nilipiga magoti, nikawasha taa. Chuma cha kulia kilikuwa cheupe. Chuma cha kushoto kilikuwa cheupe, na katikati ya weupe ule kulikuwa na alama ya kidole. Ilitoka juu ya bolti ikashuka polepole, ikasimama, ikarudi, ikapita tena palepale ambapo zamani palikuwa na ufa kwenye mguu ulioondolewa. Hilo ndilo alilotukataza kuliko yote: unga haugusiki. Ukiugusa umefuta jibu. Nilitazama ile alama, na nikaona alivyokuwa, peke yake nyuma ya turubai, taa kubwa imewaka usoni, akijaribu kukisoma chuma kwa kidole. Nikauondoa unga, nikapulizia rangi upya, nikasubiri, nikapulizia unga, nikatazama. Cheupe. Nikachukua hindi.

Deo akasema, "Haya," nikafungua. Mama Nyanjura akafungua. Kiganja chake kilikuwa kitupu.

"Mama, imeanguka," Deo akasema, na hapohapo akainama kutafuta kwenye tope karibu na pipa. "Subiri niitafute."

"Deo, inuka," akasema. "Hakuna kilichoanguka."

Deo akabaki ameinama, mikono magotini. Mama Nyanjura aliendelea kunyoosha kiganja, hakukifunga, kana kwamba alitaka tukitazame kama alivyotufundisha kutazama, bila kutafuta kitu. Kisha akafungua khanga iliyokunjwa begani, akajifunga juu ya ovaroli, ingawa haukuwa wakati wa chakula, akaenda ofisini. Kupitia dirisha nilimwona meneja, aliyekuwa amekasirika kwa wiki nyingi, akiinuka kwenye kiti na kubaki amesimama. Walizungumza kwa muda mfupi. Ndege haikuruka siku ile, maana palikuwa na macho mawili tu, na sasa kila mtu alijua. Abiria walipanda basi kwenda kuwahi kivuko. Mama Kulwa aliwapa makande kwenye vifuko vya plastiki, akilia, na mmoja wao alimuuliza kwani ndege ina hitilafu gani. "Ndege ni nzima," akajibu.

Aliondoka akiwa na kikombe chake cha bati na khanga. Langoni aliniomba nitembee upande wake wa kushoto, kwa sababu pale kulikuwa na nguzo. Hilo ndilo jambo pekee alilowahi kuniomba. Nikasema, "Shikamoo Mama," jioni wakati wa kuagana, kama mtu ndiyo kwanza anafika. Akaitikia.

Aliishi Sengerema miaka mingi baada ya hapo, mingi kuliko niliyokwenda kumtembelea. Nilipokwenda alikuwa akiuliza habari za ndege moja moja, ile ya mstari wa bluu ipo, ile ya tumbo kubwa iliuzwa wapi. Hakuuliza habari za macho yangu, na mimi sikuuliza habari za yake. Mikono yake ilikuwa na kazi muda wote, mahindi huku, maharage kule. Dada yake alisema anafanya hivyo ili asikae bure. Huenda ndivyo.

Siku ya mazishi tulipita kaburini mmoja mmoja na kutupia udongo. Deo alikuwa mbele yangu. Alipofungua mkono udongo ukaanguka wote, akakaa kidogo na kiganja wazi, hadi mtu wa nyuma akamgusa bega. Tulirudi Mwanza bila kuongea sana. Pale Busisi darajani alipunguza mwendo, akasema, "Mimi nilitafuta ile punje siku nyingine pia. Hata nilipokuwa najua." Nikamwambia najua, nilimwona.

Sasa nina umri aliokuwa nao yeye mwaka ule. Mimi ndiye mkaguzi mkuu, katika hanga jingine, na macho yangu hupimwa kila mwaka kwenye ubao wa herufi, nami husoma hadi mstari wa chini. Najua ubao ule haupimi kinachoshonwa. Ninayefanya naye ukaguzi ni Neema, binti makini mwenye leseni, anayeniamkia kila asubuhi kwa kupiga goti kidogo, na ambaye nilimpa hindi na harage siku yake ya kwanza, bila kumsimulia zilikotoka.

Jumatatu baada ya mazishi tulikuwa na mguu mmoja wa kukagua. Nilitangulia mimi. Chuma kilikuwa cheupe, kizuri, kizima, naweza kukuchorea. Nilitoka nikamsubiri. Neema alikaa ndani muda mrefu kuliko kawaida, na alipotoka hakunitazama usoni. Tukanyoosha ngumi. Kwangu kulikuwa na hindi. Kwake kulikuwa na harage, na kiganja hakukifunga.

"Asante," nikamwambia. "Nionyeshe."

Tuliingia. Aliweka kidole karibu na chuma, bila kuugusa unga. Niliinama nikatazama pale hasa alipoonyesha, na kwa muda niliona weupe. Kisha nikageuza kichwa.